Maoni Yaliyoandikwa Pembeni kwa Penseli

Vijana wangu, mmeniletea riwaya tatu za safari za nyota, mkaziweka mezani pamoja na pakiti ya biskuti, mkasema, "Papa Tharcisse, weye ulikuwa musomaji wa zamani, utuambie maoni yako." Asanteni kwa biskuti. Riwaya nimezisoma zote tatu na maoni ninayo, lakini kabla sijayatoa itabidi mvumilie hadithi ya aibu. Mzee mnayemwuliza alipata sifa kwa kutoa maoni juu ya vitabu vya namna hii hii, hapa Bukavu, miaka michache kabla ya uhuru, na sifa ile haikuwa yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu mpaka hata mvi zimeisha kichwani, sasa basi.

Kule mtaani Kadutu palikuwa na maktaba ndogo ya watu weusi: chumba kimoja, rafu sita, na barza ya saruji mbele. Wazungu walikuwa na yao mjini, yenye viti vya ngozi, na vitabu walivyochoka navyo ndivyo vilivyoteremka kwetu pamoja na vipya vichache. Mkubwa wetu alikuwa Mbelgiji mwembamba tuliyemwita Direkta. Mimi nilikuwa karani. Niliandika vitabu kwenye rejista, nilivibandika namba, na kila mwisho wa mwezi nilijaza ukurasa mmoja wa gazeti letu dogo, ukurasa ulioitwa "Maoni ya Msomaji". Gazeti lile lilipigwa chapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino wake ulikuchafua vidole mpaka kesho yake. Lakini mtu ambaye jina lake lilitokea humo alipita njiani kifua mbele, na mimi nilipita hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Anselme, karani aliyenitangulia. Nyinyi hamkuyaona haya: siku zile vitabu vingi vya Kifaransa vilikuja kurasa zake zikiwa bado zimeshikana kwenye mikunjo, na msomaji wa kwanza ndiye aliyezipasua. Papa Anselme alinichongea kisu cha mwanzi.

"Kisu ya chuma inakula karatasi," alisema. "Ya muanzi inaenda polepole. Na usisifu ukurasa yenye haujapasua, mutoto wangu. Kitabu itakusema."

Nilicheka. Mwezi wa tatu wa kazi kitabu kikanisema. Kilikuwa riwaya ya watu wanaoishi katika mji chini ya ziwa, kurasa zaidi ya mia mbili, na Kifaransa chake kilikuwa kizito. Nilipasua mikunjo ya mwanzo, nikapasua ya mwisho, nikasoma pande zote mbili, kisha nikaandika gazetini kwamba "katikati ya kitabu, mwandishi anatuongoza kwa ustadi mkubwa". Direkta akaja na kitabu mkononi, akakishika mgongo mbele ya wasomaji wote wa barzani, katikati yake pamefungamana kama mfuko wa unga uliotoka dukani.

"Tharcisse," akasema kwa Kiswahili chake cha kukata-kata, "wewe napita wapi kuona hii katikati?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Papa Anselme alicheka kuliko wote. Direkta hakucheka. Aliniambia kosa la pili litanirudisha kijijini. Tangu siku ile, kitabu kilipofika tu, nilipasua kurasa zote. Sisemi kwamba nilizisoma. Nasema nilizipasua.

Taabu yangu kubwa ilikuwa riwaya za mambo yajayo. Zilikuja kwa sanduku, majalada yake yamejaa moto, nyota na watu wenye kofia za kioo. Walimu wetu waliziita upuuzi, wakachukua vitabu vya historia. Mimi nilikwama kwenye maneno ya mashine, kamusi ikanichosha, nikalala na kitabu usoni. Hata hivyo Direkta alitaka maoni juu ya kila kitabu kipya.

Basi ndipo akaja Faustin Bagalwa.

Faustin alizaliwa Nyangezi, shule aliiacha mwaka wa tatu, na alikuwa fundi wa moteri katika meli ndogo iliyokwenda kisiwa cha Idjwi na kurudi mara mbili kwa juma. Kifaransa alikisoma mwenyewe kwenye vijitabu vya mashine. Alikuwa mtu wa rika langu, mikono yake imeingia mafuta hata kwenye mistari ya viganja, na kabla ya kugusa kitabu aliifunga kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Alitaka riwaya za nyota tu.

Maktaba yetu ilikuwa na desturi yake. Asiye na cheti cha shule hakupewa kadi mpaka apate mdhamini mwenye cheti. Na mdhamini hakutia sahihi tu. Alisimama mbele ya rejista, akamshika mwenzake mkono, akasema kwa sauti mbele ya waliokuwapo: "Namjua mtu huyu." Maneno matatu, basi. Lakini watu waliyaogopa, kwani baada ya hapo kitabu kikipotea au mtu akileta fujo, aliyesema "namjua" ndiye aliyeulizwa. Faustin aliwaomba walimu wawili, wakatazama mikono yake, wakakumbuka kwamba wana haraka. Mimi nilimhurumia, na pia nilifurahi kupata mtu wa kuzitoa zile riwaya rafuni. Nikamshika mkono ule wa mafuta, nikasema, "Namjua mtu huyu." Aliniangalia kana kwamba nimempa shamba.

Kitabu cha kwanza alikirudisha baada ya siku nne. Nilikifungua ili nione kama kina doa la mafuta. Doa halikuwamo. Ila pembeni mwa kurasa palikuwa na maneno madogo ya penseli, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Kilikuwa kitabu cha chombo kinachokwenda kwa nguvu ya mwanga wa jua, na Faustin aliandika: "Na usiku wanaendesha na nini? Huyu muandishi hajagusa moteri hata siku moja." Mbele kidogo, ambapo wanaume watano wanaanza safari ya miaka mitatu: "Wanaume tano, na hakuna hata mumoja mwenye kupika. Hawatafika."

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Kuandika ndani ya kitabu kulikatazwa kabisa, na wajibu wangu ulikuwa kumwita nimwonye. Badala yake nilivuta karatasi nikaanza kunakili. Niliyavika yale maneno koti la Kiswahili cha vitabuni, nikaweka "kwa maoni yetu" hapa na "msomaji makini atajiuliza" pale, nikatia jina langu chini. Kisha nikafuta pembeni.

Hapa niwape ufundi, ingawa naona haya kuutoa. Penseli kwenye karatasi ya kitabu haifutwi kwa raba, raba huchubua. Chukua nyama ya mkate uliolala siku mbili, ule ulaini wa ndani, ifinyange mpaka iwe tonge dogo, halafu sugua taratibu kwa kuzungusha. Mwandiko unatoka wote. Nilivifuta hivyo vitabu kumi na vitatu. Ndiyo maana leo, vijana, mkinitaka niwaonyeshe mstari mmoja tu wa mkono wa Faustin, sina.

Gazeti lilipotoka, watu walilipokea vizuri ajabu. Walimu waliodharau riwaya zile wakaanza kuzigombania. Direkta aliwasomea wageni wake ukurasa wangu, akanionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa maziwa. Kila mwezi Faustin alirudisha vitabu, nikanakili, nikafuta, nikasifiwa. Na yeye alikaa barzani na gazeti, akasoma "Maoni ya Msomaji" yote, akatabasamu, akaondoka. Nilidhani anatabasamu kwa sababu kumbukumbu yake ni fupi. Mwizi huwa hakosi sababu ya kumwona mwenye mali mjinga.

Maoni yake mengine siyasahau. Kulikuwa na riwaya ya mtu aliyesafiri mbali sana, akarudi na kukuta watoto wake wamemzidi umri. Msomaji mwingine angesema haiwezekani. Faustin aliandika: "Hii njo ya kweli. Nilirudi Nyangezi kiisha miaka mine, mama akaniuliza ninatafuta nani." Na katika riwaya ya mashine inayoandika barua yenyewe mpaka makarani wote wanafukuzwa kazi, aliandika: "Hapa Tharcisse atacheka kidogo, kiisha ataogopa." Nilicheka, kisha nikaogopa, kama alivyosema. Wala sikujiuliza kwa nini jina langu liko pale.

Sasa nafika kwenye kile chenye jalada la kijani.

Kilikuwa riwaya ya wageni kutoka nyota ya mbali. Wanateremka duniani, wanachukua ardhi, wanawapa wenyeji namba na vibali vya kutembea, wanawafundisha kubeba mizigo na kushukuru. Mwisho wake mtaalamu mmoja mwenye miwani anawashinda. Faustin aliandika kurasa nyingi pembeni kuliko siku zote. Mengi yalihusu vyombo vyao na mafuta. Moja lilisema: "Muandishi anafikiri ameota kitu ya mupya. Hawa bageni tunabajua. Mimi naogopa karani wao kuliko wao."

Lile la karani niliruka. Mengine nikanakili Jumamosi, gazeti likapigwa chapa mchana ule ule, na kwa kuwa mkate wangu ulikuwa bado laini, nikaahirisha kufuta mpaka Jumatatu. Kosa la mtu mvivu. Jumapili Direkta alisoma gazeti, akapendezwa na kile nilichokisifu, akafungua maktaba kwa ufunguo wake, akachukua kitabu cha kijani kwenda nacho nyumbani.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kitabu wazi upande mmoja, gazeti upande mwingine.

"Tharcisse. Kuja. Soma hii." Akaweka kidole pembeni mwa ukurasa. "Sasa soma hii." Akaweka kidole gazetini. "Maneno ni moja. Nani nafundisha nani?"

Vijana, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Najua kwa sababu nakumbuka inzi aliyekuwa anatembea juu ya kidau cha wino, nikamtazama akimaliza upande mmoja na kuanza wa pili. Sikushikwa ghafla. Nilifikiri. Nilifikiria kifua changu mbele njiani, na kicheko cha barzani kikirudi mara ya pili, na kijiji. Nikasema:

"Amenakili kwangu, Bwana Direkta. Amesoma gazeti, kisha akayaandika ndani ya kitabu."

Gazeti lilitoka Jumamosi mchana na Faustin alikuwa Idjwi tangu Ijumaa. Direkta angehesabu siku angeona. Hakuhesabu, kwa sababu uongo ule ulimfaa: karani wake ni mwerevu, fundi ni mharibifu. Lakini alifungua rejista.

"Wewe mdhamini yake. Wewe nasema najua yeye."

"Nilitia sahihi tu, Bwana," nikasema. "Simjui."

Mtakatifu Petro alipokana, jogoo aliwika naye akatoka nje akalia. Mimi hakuna kilichowika. Direkta aliniambia niandike tangazo la kubandika mlangoni, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikaandika, na nikapamba herufi za mwanzo kama kawaida yangu: Faustin Bagalwa, mharibifu wa vitabu, haruhusiwi tena kuingia hapa.

Alikuja Jumatano kutoka bandarini, na kitabu chake kimefungwa kwenye kitambaa cha mfuko. Barzani palikuwa na walimu wanne na Papa Anselme. Faustin alisoma tangazo polepole, kisha akalisoma tena, kama alivyosoma kila kitu. Akaniangalia kupitia mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Iko mwandiko yako," alisema.

"Ni kazi, ndugu yangu."

"Najua. Kazi." Alikifungua kitambaa, akaweka kitabu chini, pale pale kizingitini. "Ya mwisho njo hii. Haina kitu pembeni, usitafute."

Akaondoka. Papa Anselme alinyanyuka, akaja mpaka mezani kwangu, akachukua kile kisu cha mwanzi alichonichongea, akakitia mfukoni mwake. Tangu siku ile akawa anakaa barza ya jirani.

Mwisho wa mwezi ulifika. Kitabu cha mwisho cha Faustin kilikuwa riwaya ya watu waliozaliwa njiani, ndani ya chombo, ambao hawataiona dunia waliyotoka wala ile waendayo. Hiki nilikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa jasho. Kilinigusa, nakiri. Lakini nilipochukua kalamu sikujua mtu anaanzia wapi kusema alichokiona mwenyewe. Niliandika: "Kitabu kizuri chenye mafundisho mengi." Walimu waliuliza kama ninaumwa. Direkta alisema kalamu yangu imelala. Ilikuwa haijaamka hata siku moja.

Nilivumilia miezi minne, kisha nikashuka bandarini. Faustin alikuwa amejilaza juu ya moteri, nusu yake haionekani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kunakili, kufuta, na niliyomjibu Direkta. Alichomoa mkono, akajipangusa.

"Ya kuiba nilijua," akasema. "Tangu kitabu ya pili. Nilirudi kuazima ile ya kwanza, nisome tena maneno yangu. Nikakuta chembe za mukate katikati ya kurasa. Nikakuta maneno yenyewe kwa gazeti, yamevaa kravati."

"Sababu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Miye nilitoka ku masomo mwaka ya tatu. Nani angepiga chapa jina yangu? Nilifurahi, Tharcisse. Nikasema, sawa, weye utakuwa mudomo yangu. Kutoka pale nilikuwa naandikia weye. Ile ya karani, ulifikiri niliandikia nani?"

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa meli.

"Kuiba haikuniumiza," akasema. "Ulisema haunijue. Ile njo ilinikata."

Akarudi chini ya moteri yake.

Uhuru ulipokuja, Direkta alifunga mizigo, na funguo za maktaba nikaachiwa mimi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuandika kadi mpya, jina la Faustin kwa herufi zilizopambwa, nikampelekea. Aliitazama pande zote mbili.

"Na nani atanisemea?" akauliza. "Weye?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama fundi anavyouliza kama kamba ile iliyokatika ndiyo tutakayofungia tena. Akanirudishia kadi. Wenzake wa meli waliniambia baadaye kwamba alisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi, na kwamba alikuwa bado ana penseli sikioni. Alikufa Idjwi, kwa homa, na mimi sikuenda mazishi. Nilisema nina kazi.

Basi, maoni mliyoyataka haya hapa. Riwaya ya kwanza, ile ya mji wa vioo huko angani: mwandishi ana lugha tamu, lakini katika mji mzima hakuna mtu anayefagia, na mji usiofagiwa sitauamini. Ya pili, ya vita vya mashine: ndefu mno, na mashine zote zinasema kama mawakili. Ya tatu ni nzuri kweli. Ile ya mama anayempigia simu mwanawe aliye nyota nyingine, na sauti inachukua miaka minne kufika. Nilipofika hapo nilijikuta nimeacha kusoma, jicho limeteremka pembeni mwa ukurasa, natafuta penseli. Pembeni palikuwa peupe.

Mnataka kuyapiga chapa maoni yangu katika gazeti lenu la maktaba. Pigeni. Ila juu yake, kabla ya jina langu, mweke hadithi hii yote, msipunguze. Na yale ya miaka ile, mkikuta nakala kwa mtu yeyote zenye jina langu chini, mlifute, mkate wa siku mbili utatosha kama limeandikwa kwa penseli, na kama ni kwa wino basi mlikate. Mwandike Faustin Bagalwa, wa Nyangezi, fundi wa moteri.

Mkiulizwa nani mdhamini wake, semeni yupo mzee mmoja aliyechelewa. Namjua mtu huyu.